Binti wa Jikoni Aliyepima Ngozi ya Maji

UKURASA WA VIJANA NA JAMAA

Soma kwanza: 2 Wafalme 6:1-7, Kutoka 4:1-5, Mezali 11:1



Mwezi huu tunajibu ulizo la binti mumoja anayesoma biolojia na kemia ku sekondari. Ameandika hivi: «Pasta, profesa anataka tupime tansio ya uso ya sabuni ndani ya maji. Lakini ku masomo yetu laboratware hakuna, hata mizani hakuna. Tena baba anasema niache hii kemia, ni kazi ya wanaume wa ku kampuni, miye nijifunze kupika na kufua. Nifanye nini?»

Binti yetu, asante. Ulizo lako liko na mambo mawili ndani. Jambo la kwanza ni la kemia, na la pili ni la jamaa. Tutajibu yote mawili, na utaona kwamba jikoni na kemia si maadui. Kipimo unachokitafuta, kimoja cha vile vilivyo vizuri sana kilizaliwa jikoni, mukononi mwa binti aliyekuwa anaosha sahani.

1. Maji iko na ngozi

Chukua kopo, jaza maji mupaka ukingoni. Ongeza polepole, tone kwa tone. Utaona maji inapanda juu ya ukingo, inavimba kidogo, lakini haimwangiki. Kisha chukua kipande cha karatasi nyepesi, weka sindano ya kushonea juu yake, na ulaze karatasi juu ya maji. Karatasi itanyonya maji na kuzama; sindano itabaki juu. Ni chuma, na chuma ni nzito kupita maji. Ni nini inaibeba?

Maji imefanywa na vipande vidogo sana, ambavyo profesa anaviita molekuli. Kila kipande kinavuta wenzake na kinavutwa nao. Kile kilicho ndani kinavutwa pande zote sawasawa. Lakini kile kilicho juu kabisa hakina wenzake wa kukivuta kwenda juu, kwa hiyo kinavutwa ndani na pembeni tu. Basi uso wa maji unakazwa sawa ngozi ya ngoma. Ni juu ya hiyo tone la maji linakuwa la muviringo, na ni juu ya hiyo wadudu wengine wanatembea juu ya maji ya kidimbwi bila kuzama. Ndiyo ile tansio ya uso. Hapa tutaiita nguvu ya ngozi ya maji.

Nguvu hiyo iko na hesabu yake. Kwa maji safi yenye joto ya digri 25, ni milinyutoni 72 kwa kila metre moja. Usiogope lile neno. Maana yake ni kwamba ukifikiri mustari wa urefu wa metre moja juu ya maji, ngozi inavuta mustari ule kwa nguvu sawa na uzito wa gramu 7 na kidogo. Ni nguvu ndogo, ndiyo. Lakini kwa sindano ya santimetre 4, ambayo maji inaishika pande zote mbili, hiyo inatosha kubeba zaidi kidogo ya nusu gramu. Sindano ndogo haifiki uzito huo, basi inabaki juu.

Maji ya moto iko na ngozi dhaifu zaidi: kwa digri 100 inashuka mupaka 59 hivi. Alkoli iko kwa 22 tu. Na maji ya sabuni inaweza kushuka mupaka 30 hivi. Weka tone moja la sabuni pembeni ya sindano yako, utaona inazama mara moja.

2. Agnes wa Braunschweig

Agnes Pockels alizaliwa mwaka 1862 katika muji wa Venice. Baba yake alikuwa askari wa jeshi la Austria, na huko malaria ilimuharibu afya. Mwaka 1871 jamaa ilihamia Braunschweig, katika Ujeremani. Agnes alisoma masomo ya wasichana ya muji ule. Alipenda sana fizika. Lakini wakati ule universite haikupokea wanawake. Baadaye, mulango ulipoanza kufunguka, wazazi wake walimuomba asiende. Walikuwa wagonjwa, na binti alipaswa kuwaangalia, kupika, kuosha.

Kaka yake mudogo, Friedrich, alikwenda kusoma fizika ku Göttingen. Huyu kaka alifanya jambo moja la maana: alimutumia dada yake vitabu. Vijana wanaume munaosoma ukurasa huu, mufikiri juu ya hiyo.

Agnes alikuwa anaosha vyombo kila siku. Aliona kwamba maji yenye mafuta na maji yenye sabuni haifanane na maji safi. Wengi waliona vile mbele yake na wakaenda. Yeye alijiuliza: tofauti hiyo ni ya kiasi gani? Alikuwa na umri wa miaka 20 hivi alipotengeneza chombo chake. Kilikuwa beseni ndefu: urefu santimetre 70, upana santimetre 5, kimo santimetre 2. Alikijaza maji mupaka ukingoni. Juu ya maji aliweka kipande cha bati kilichopita toka upande mumoja mupaka mwingine. Akikisukuma, uso wa maji upande mumoja unapunguka na upande mwingine unapanuka. Kwa njia hiyo aliweza kukusanya uchafu wote wa uso pahali pamoja, na kubaki na uso safi.

Kwa kupima, alichukua kisahani kidogo cha upana wa milimetre 6, sawa kifungo cha shati. Alikitundika ku mizani ndogo, akakigusisha juu ya maji. Ngozi ya maji inakishika. Kisha alisogeza uzito ku mukono wa mizani polepole mupaka kisahani kikaachana na maji. Uzito uliohitajiwa kwa kukitoa ndio ulimuonyesha nguvu ya ngozi. Hakuna umeme, hakuna mashini ya bei. Kulikuwa beseni, bati, kisahani na uvumilivu wa miaka karibu 10.

Mwezi wa kwanza wa mwaka 1891, Agnes aliandika barua kwa Lord Rayleigh, mwana-fizika mukubwa wa Uingereza, kwa sababu alisikia kwamba yeye pia anachunguza uso wa maji. Aliandika katika Kijeremani, na muke wa Rayleigh akatafsiri. Mutu mukubwa yule angeweza kuitupa barua ya binti asiye na diploma. Hakuitupa. Aliituma ku gazeti la sayansi linaloitwa Nature, akaomba waichapishe, na ilichapishwa tarehe 12 Machi 1891. Rayleigh mwenyewe alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1904.

Chombo cha Agnes kilikuwa musingi. Mumarekani Irving Langmuir alikitengeneza vizuri zaidi, akaandika kazi yake mwaka 1917, na mwaka 1932 akapata Nobel ya kemia. Mwaka uleule wa 1932, universite ya ufundi ya Braunschweig ilimupa Agnes udoktari wa heshima. Alikuwa na miaka 70. Hakuwa amepata kazi ya mushahara katika sayansi hata siku moja. Alikufa mwaka 1935.

3. Sasa wewe upime

Binti yetu, Mungu alipomuita Musa, alianza na kile kilichokuwa mukononi mwake: fimbo ya kuchungia kondoo. Wewe pia tuanze na kile ambacho jamaa inaweza kupata.

Tafuta: seringi mupya ya mililitre 5 toka farmasi (usiokote hata moja ku takataka, kuna magonjwa), makopo masafi, maji iliyochemshwa na kupoa, sabuni ya unga, kijiko kidogo, daftari. Sindano ya seringi hauihitaji, uitupe ndani ya chupa iliyofungwa, mbali na watoto.

Kwanza, osha seringi na makopo, kisha usuuze mara nyingi. Sabuni kidogo ikibaki, hesabu yote inaharibika. Agnes alifundisha hivyo: uso mubaya unatoa kipimo cha uongo.

Pili, vuta maji safi. Simamisha seringi, mudomo uangalie chini. Sukuma polepole sana, kusudi kila tone lianguke kwa uzito wake lenyewe. Hesabu ni matone mangapi yanaanguka toka alama ya 5 mupaka alama ya 3, ni kusema mililitre 2. Fanya mara tatu, jumlisha, gawanya kwa tatu.

Tatu, tia kijiko kimoja kidogo cha sabuni ndani ya litre moja ya maji. Koroga bila kufanya povu nyingi. Hesabu matone tena, mara tatu.

Utaona matone ya sabuni ni mengi zaidi. Kwa nini? Tone linaning'inia ku mudomo wa seringi juu ya ngozi ya maji inayolishika. Linakua, linakua, mupaka uzito wake unashinda nguvu ya ngozi, ndipo linaanguka. Ngozi ikiwa na nguvu, tone linakuwa kubwa mbele ya kuanguka. Ngozi ikiwa dhaifu, tone linaanguka lingali dogo. Mwingereza Thomas Tate aliandika juu ya jambo hilo mwaka 1864, na njia ya kuhesabu matone ikatumiwa katika nchi nyingi.

Sasa hesabu: chukua 72, zidisha kwa hesabu ya matone ya maji safi, gawanya kwa hesabu ya matone ya maji ya sabuni. Tuseme maji safi ilitoa matone 40 na maji ya sabuni matone 92. Basi 72 mara 40 ni 2880. Gawanya kwa 92, unapata 31. Nguvu ya ngozi ya maji yako ya sabuni ni milinyutoni 31 hivi kwa metre. Ni kipimo cha karibu, kwa sababu tone halianguki lote, kipande chake kinabaki ku mudomo wa seringi. Mu laboratware wanatumia njia ya kusahihisha hiyo, ao wanatumia pete ya platini inayovutwa toka uso wa maji, ile aliyoeleza Mufaransa Pierre Lecomte du Noüy mwaka 1919. Lakini akili ya kazi ni ileile ya kisahani cha Agnes.

Nne, na hapa ndipo profesa wako atafurahi: rudia na robo ya kijiko, nusu kijiko, kijiko 1, vijiko 2, vijiko 4, kila mara ndani ya litre moja. Chora ku karatasi ya milimetre: chini weka kiasi cha sabuni, pembeni weka nguvu ya ngozi. Mustari utashuka kwanza, kisha utafika pahali ambapo haushuki tena, unalala.

Kwa nini unalala? Kipande cha sabuni kiko na upande mumoja unaopenda maji na mukia unaopenda mafuta na kukataa maji. Vipande vinakimbilia juu, vinasimama ku uso, mikia yao nje ya maji. Vinaachanisha molekuli za maji, ngozi inalegea. Lakini uso ukiisha kujaa, vipande vingine havina pahali; vinajikusanya ndani ya maji, mikia ndani, vichwa nje. Kwa sabuni moja inayoitwa sodiamu dodesili sulfati, inayotiwa ndani ya shampwe nyingi na dawa za meno, uso unajaa kwa gramu 2 na nusu hivi ndani ya litre, na nguvu ya ngozi iko imeshuka chini ya 40.

Mama, hiyo inakuhusu wewe pia. Ukiisha kupita kipimo, kuongeza sabuni hakulegezi tena ngozi ya maji. Sabuni ya zaidi inaweza kubeba mafuta ya nguo chafu sana, lakini kwa nguo za kila siku ni feza inayokwenda ku mufereji. Povu nyingi si usafi mwingi.

4. Ni kitu hiki kinachotoa shaba katika mawe

Baba anasema kemia ni kazi ya ku kampuni. Basi tuingie ku kampuni.

Mawe ya shaba yanasagwa mupaka yanakuwa unga sawa unga wa bukari. Unga huo unatiwa maji. Namna gani kutenganisha vumbi la shaba na vumbi la mawe ya bure? Wanatia dawa mbili. Ya kwanza inashikamana na vumbi la shaba na kulifanya likatae maji, sawa jani la shu linavyokataa maji, matone yanabingirika juu yake. Ya pili inalegeza ngozi ya maji kusudi povu isimame bila kupasuka upesi. Kisha wanapuliza hewa toka chini. Vumbi la shaba, kwa sababu linakataa maji, linashikamana na povu na kupanda juu. Mawe ya bure, yanayokubali maji, yanabaki chini. Povu inakusanywa, inakaushwa, ndiyo unga wa shaba wenye bei.

Ile dawa ya kushika shaba, ksantati, ilipewa hati ya uvumbuzi mwaka 1925 ku Marekani, kwa jina la Cornelius Keller. Hapa kwetu, Union Minière du Haut-Katanga, iliyoanzishwa mwaka 1906, ilitumia pia mafuta ya ngazi kwa kuelesha mawe ya kijani ya shaba. Ndiyo, mafuta yaleyale ya sombe! Kwa njia ya povu, kiwanda cha Kakula, karibu na Kolwezi, kilitoa unga wake wa shaba wa kwanza mwezi wa tano mwaka 2021. Mutu anayepima nguvu ya ngozi ya maji pale anajua kama dawa imetosha ao imezidi. Ni kazi ya macho, ya mukono mutulivu na ya daftari safi. Nani amesema binti haiwezi?

Neno moja la kuonya. Ksantati ikipata maji na joto inaharibika polepole, inatoa hewa yenye sumu na inayoweza kuwaka moto. Mapipa, bidoni na mifuko iliyokuwa na dawa za kiwanda, musinunue kwa kuweka maji ya kunywa wala unga, hata kama muuzaji anasema «niliosha muzuri». Mambo yanayoshikamana na chuma na plastiki hayaonekani kwa macho. Na mukiona povu juu ya kijito kinachotoka upande wa kiwanda, musiache watoto wachezee pale, na wamama wasifulie pale.

5. Hata pumzi ya mutoto

Mapafu ya mutu iko na vifuko vidogo mamilioni, na ndani ya kila kifuko kuna unyevu kidogo. Penye maji, ngozi ya maji iko. Ngozi hiyo inataka kuvuta kifuko kifunge. Mungu alitia ndani ya mapafu dutu fulani, sawa sabuni, inayolegeza ngozi hiyo kusudi vifuko visifunge tunapotoa pumzi. Dutu hiyo inatoka kwa wingi miezi ya mwisho ya mimba. Mutoto akizaliwa mbele ya wakati, mara nyingi hana ya kutosha. Anapumua kwa shida, kifua kinaingia ndani, anachoka.

Zamani wanganga hawakujua sababu. Mwaka 1957, John Clements wa Marekani alipima nguvu ya ngozi ya maji iliyotoka ndani ya mapafu, na beseni na mizani vya uzao wa vile vya Agnes. Mwaka 1959, Mary Ellen Avery na Jere Mead walionyesha kwamba mapafu ya watoto waliokufa kwa ugonjwa huo yalikosa dutu hiyo. Mwaka 1980, Tetsuro Fujiwara wa Japani aliandika namna alivyotia ndani ya mapafu ya watoto kama hao dutu iliyotoka ndani ya mapafu ya ng'ombe, na wakapumua. Ona namna kipimo cha sahani chafu kilivyofika ku kitanda cha mutoto mudogo.

Kwa hiyo, wapendwa, mama akisikia uchungu mbele ya wakati, musibaki nyumbani mukisema «tungoje kesho». Muombe, na mwende hospitali saa ileile. Kuna sindano ambayo munganga anaweza kumupa mama mbele ya kuzaa, kwa kukomaza mapafu ya mutoto. Hiyo ilijulikana tangu mwaka 1972 kwa kazi ya wanganga wawili wa New Zealand. Na mutoto mudogo akizaliwa, awekwe kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, apate joto, hata njiani.

6. Shoka la Elisha na wembe wa nabii wa uongo

Wengine wataniuliza: «Pasta, kama sindano inabaki juu ya maji bila muujiza, basi shoka la Elisha pia ni kemia tu?» Hapana. Tupime. Metre moja ya ukingo inabeba gramu 7 na kidogo. Shoka la kilo moja lingehitaji ukingo wa metre zaidi ya 130! Shoka la mwana wa manabii halikuwa na ukingo hata wa nusu metre. Basi kipimo hakiondoi muujiza. Kinatuonyesha vizuri ni wapi mukono wa Mungu ulipita nguvu ya maji.

Tena kipimo kinatulinda. Mutu akija ku mutaa na beseni ya maji, akalaza wembe juu, wembe ukabaki, kisha akachovya kidole chenye sabuni, wembe ukazama, na akasema «hii inaonyesha mushawi iko mu nyumba yenu, muleteni feza niwaombee», mutajua sasa kwamba ni mambo ya jikoni. Watoto wengi wameteswa na kufukuzwa nyumbani juu ya maneno ya namna hiyo. Mutoto wa darasa la sita anaweza kufanya «muujiza» ule ule kwa sindano ya mama yake. Neno la Mungu linatuambia kwamba mizani ya udanganyifu ni chukizo kwake. Kuna mizani za soko, na kuna mizani za maneno pia.

7. Sasa kwa baba

Baba mwenzangu, sikukatazi kufundisha binti yako kupika. Agnes alipika maisha yake yote, aliheshimu wazazi wake, aliwaangalia katika ugonjwa. Lakini jiulize: kama kaka yake hangemutumia vitabu, kama Rayleigh angetupa barua, ni kiasi gani kingepotea? Tena fikiri: alingoja mupaka miaka 70 kwa kusikia asante ya universite ya muji wake mwenyewe. Je, unataka binti yako angoje vile?

Najua feza ni ngumu. Tangu mwaka 2019 serikali imesema masomo ya musingi ku shule zake ni ya bure, lakini sekondari inaomba feza, na mara nyingi jamaa inachagua: kijana aende, binti abaki, ao aende mutoni kusafisha mawe ya wachimbaji. Mawe yale yatakwisha. Akili aliyopewa na Mungu haitakwisha. Kama feza haitoshi kwa wote wawili, muje mbele ya wazee wa kanisa, tusemezane, mbele ya kumuondoa mutoto ku masomo. Na jioni moja, ukae na binti yako na seringi ile. Yeye ahesabu matone, wewe andika ku daftari. Utashangaa ni nani anafundisha nani.

Na wewe binti, usimujibu baba kwa hasira. Muonyeshe daftari. Kazi iliyopimwa muzuri inasema yenyewe.

MAULIZO YA KUZUNGUMZA KATIKA JAMAA

1. Ndani ya nyumba yetu, nani anaambiwa «hiyo si kazi yako»? Kwa sababu gani?
2. Kaka wa Agnes alituma vitabu. Wewe unaweza kumupa dada yako nini mwaka huu?
3. Tuko na pipa ao bidoni iliyotoka ku kiwanda? Tunaitumia kwa kazi gani?
4. Mama mujamzito akipata uchungu mbele ya wakati usiku, tumepanga nani atamupeleka hospitali, na kwa feza gani?

SALA

Baba wa mbinguni, wewe uliyepima maji ya dunia yote, tufundishe kupima kwa haki na kwa uaminifu. Fungua macho ya wazazi waone zawadi uliyoweka ndani ya watoto wao, wanaume na wanawake. Linda watoto wanaozaliwa mbele ya wakati, na mama zao. Linda maji yetu. Katika jina la Yesu, Amina.

Kijana ao mama aliye na ulizo, aandike na kuliacha kwa muchungaji wa parokia yake. Mungu awabariki.